Nepi Zilizokauka kwa Nje

Swali lililoninyima usingizi miezi yote ya mimba yangu ya pili halikuwa kama nitajifungua salama. Nilikuwa najiuliza kama mama yangu mzazi, bila kukusudia, alimuua mtoto wangu wa kwanza kwa vipande vya khanga.

Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara kadhaa. Sasa naiacha, kwa sababu ndivyo swali lilivyokuwa, na kwa sababu kila nilichofanya baadaye, kuanzia nepi nilizonunua hadi namna nilivyompokea mama aliposhuka kwenye basi, kilitoka humo.

Mtoto wa kwanza alikuwa wa kiume. Aliishi siku tisa. Tulikuwa tunakaa hapa hapa Maisaka, Babati, chumba na sebule, na uani kulikuwa na wapangaji wengine watatu na kamba moja ya kuanikia. Mama alishuka kutoka Mbulu siku ya pili baada ya mimi kujifungua. Alikuja na unga wa mtama, samli, na mfuko wa nailoni uliojaa vipande vya khanga. Zilikuwa khanga zake mwenyewe, alizozivaa mpaka rangi ikafifia na maandishi yasisomeke tena, ndipo akazichana mraba mraba. Sisi watoto wake wote tumelelewa ndani ya vipande vya namna hiyo. Alivifua kwa sabuni ya mche, akavianika, akavipiga pasi ya mkaa pande zote mbili. Kwetu nguo ya kichanga iliyoanikwa nje haivaliwi bila pasi. Inzi hutaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza akaingia kwenye ngozi. Hilo nililijua tangu utotoni kama ninavyojua kunawa mikono kabla ya kula.

Siku ya nne mvua ya usiku ililowesha mkaa wote jikoni. Asubuhi jua lilitoka, vipande vikakauka, lakini pasi haikuwa na moto. Mama alivikunja hivyo hivyo. "Leo tu," alisema. "Jua limevipiga vizuri." Nilikuwa nimelala kitandani, nikimwangalia. Sikusema kitu. Siku ya saba ngozi ya kuzunguka kitovu ilikuwa nyekundu, mtoto akaanza kukataa ziwa, na mwili ukawa moto. Siku ya tisa, wodini, daktari kijana alitoka nje, akashusha barakoa, akatuambia neno moja.

"Maambukizi."

"Ya nini, baba?" mama akamuuliza.

"Ya damu, mama. Poleni sana." Akaingia wodi nyingine, ambako walikuwa wanamwita.

Nikabaki na lile neno. Mtu mwingine angelilia kisha akaliacha. Mimi nililichukua nyumbani na kulifungua. Kuambukiza ni kitenzi kinachotaka mtendaji. Mtu haambukizwi hivi hivi, anaambukizwa na mtu au na kitu. Sasa na nini? Na nani? Nilirudi nyuma siku moja moja, kama anayetafuta ufunguo alioudondosha njiani, na kila mara nilifika pale pale: siku ya nne, pasi baridi, mikono ya mama ikikunja.

Nilisoma takwimu chuo kikuu. Najua tukio moja si ushahidi wa kitu chochote. Najua wembe, uzi, maji ya kuogeshea, mikono ya watu waliokuja kumwona mtoto, hata mikono yangu mwenyewe, vyote vilistahili kuwekwa kwenye orodha ileile. Najua pia kwamba watoto wengi wamevaa khanga kuukuu bila pasi wakakua wakawa watu wazima wenye kelele. Lakini haya yote niliyajua kwa kichwa. Kifuani kulikuwa na mfuko wa nailoni.

Majirani walikuwa wameanza kuniita Mama kwa kufuata jina la mtoto. Siku tisa nilikuwa na jina hilo. Baada ya maziko hawakujua waniiteje. Mmoja alirudi kwenye "dada." Mwingine akawa ananisalimia bila kuniita chochote, "Za asubuhi?" hivyo tu, macho kwenye ndoo.

Mama alirudi Mbulu. Kwa wazee wetu wa huko, mwanamke aliyefiwa na kichanga alikuwa anakaa ndani muda mrefu. Haendi kuchota maji na wenzake, hakanyagi shamba la mtu, haingii nyumba ya mtu. Siku hizi wengi wameyaacha mambo hayo, na mama hakunidai niyafuate. Nikasikia kutoka nyumbani kwamba aliyafuata yeye. Msimu mzima hakwenda kwenye jumuiya, hakuomba moto kwa jirani, akalima kipande chake peke yake. Mimi niliyelishwa darasani kwamba kila jambo lina maelezo zaidi ya moja nilichagua moja. Nikasoma ukimya wake kama kukiri.

Nilipopata mimba tena, nilifanya uamuzi ambao sikumwambia mtu: safari hii hakuna kitambaa cha mama kitakachomgusa mtoto.

Sikuwa na kazi. Nilikuwa nimepeleka barua za maombi ofisi nyingi kiasi kwamba mlinzi wa ofisi moja alikuwa ananisalimia kama mfanyakazi mwenzake. Mume wangu alikuwa machimboni Mererani, akija nyumbani mara moja moja. Kwa hiyo muda wa kufikiri nilikuwa nao wote. Nilichukua daftari nikachora jedwali. Kushuka chini niliandika aina za nepi: za taulo, nyeupe nyepesi za kufunga kwa pini, za vifungo zenye mfuko ndani, na pampasi, maana mjini kwetu kila nepi ya kutupa ni pampasi, iwe imetengenezwa na nani. Kwenda pembeni niliandika unyonyaji, ulaini, kama inachemshika, kama inavuja, kama pini inaweza kumchoma mtoto, na mengine. Nilisoma kwenye simu kila walichoandika akina mama wa nchi nyingine, wakibishana kama watu wanaogombea jimbo. Jedwali langu lilikuwa na safu nane. Safu ya tisa, ya muda wa kukauka, haikunijia kichwani hata mara moja.

Sokoni kuna mama mmoja anauza vitu vya watoto, kibanda chake kimejaa mpaka yeye mwenyewe anakaa nje. Nilikwenda kwake mara tatu bila kununua. Mara ya tatu alinipokea kwa kicheko.

"Mdogo wangu, umerudi! Leo ni maswali au ni kununua?"

"Shikamoo. Nilitaka kuuliza kuhusu hizi nyeupe. Ni pamba tupu?"

"Marahaba. Pamba ipo, na nailoni kidogo. Siku hizi zote ndivyo zinavyokuja. Ila zinakauka haraka."

"Na hizi za taulo?"

"Za taulo ni nzito. Zinanyonya."

"Zinanyonya kiasi gani?"

Akamgeukia mteja mwingine, dada aliyekuwa anachagua soksi. "Hebu msikie huyu. Mtoto anakojoa, unamvua, unafua. Yeye anauliza kama ananunua trekta."

Yule dada akacheka. "Mwache, ni wa kwanza huyo. Akifika wa tatu atamfunga hata gunia."

Sikusema kwamba si wa kwanza. Niliinama nikashika zile za vifungo. Nje zilikuwa na kitambaa laini kisichopitisha maji, chenye picha za twiga, ndani kuna mfuko, na kwenye mfuko unaingiza kitambaa kinene cha kunyonya, tabaka nne zimeshonwa pamoja. Hakuna pini. Hakuna kukunja. Na jambo lililoniteka: zilikuwa mpya, ndani ya pakiti, hakuna mkono wa mtu ninayemjua uliowahi kuzigusa.

"Hizo ndizo za wasomi," muuzaji akasema. Nikazichukua.

Mtoto wa pili alizaliwa katikati ya masika, wa kike, mdogo kuliko walivyotegemea lakini analia vizuri. Mama alishuka tena kutoka Mbulu. Nilimtuma jirani akampokee stendi, kisha nikajilaumu, kisha nikaenda mwenyewe hadi getini nikiwa nimemfunika mtoto. Alikuja na unga wa mtama na samli. Nilitafuta kwa macho ule mfuko mwingine. Haukuwepo. Nikashusha pumzi, na nikaona kwamba ameniona nikishusha pumzi. Alinipa pole ya uzazi, akaomba kumshika mjukuu, akanawa mikono mara mbili kabla ya kumpokea.

Nepi zangu zilimchekesha. Aliinua moja yenye twiga, akaipima mkononi.

"Hii ni tandiko la punda, mwanangu."

"Inanyonya sana, mama. Mtoto halowani."

"Halowani yeye. Na hii itakaukaje?"

Nilimwambia itakauka kama nguo nyingine. Nilimwambia pia, kwa upole niliokuwa nimeufanyia mazoezi, kwamba kufua nepi na kupiga pasi nitafanya mwenyewe, yeye apumzike. Mwanamke aliyelea watoto sita aambiwe apumzike asifue nepi. Aliniangalia kidogo, kisha akasema, "Sawa, mama," kwa sauti anayotumia kwa watu wa ofisini.

Jambo moja tu hakukubali kuniachia. Nepi za kichanga haziachwi nje jua likizama. Ziwe zimekauka, ziwe mbichi, zinaingia ndani. Sababu ukimuuliza anakwambia ni umande. Ukimuuliza tena anakwambia si kila anayepita uani anakutakia mema. Mimi siamini mambo hayo. Lakini nilikuwa nimeshazika mtoto, na mtu aliyezika mtoto haachi nepi nje ili kuthibitisha kwamba haamini. Kila siku saa kumi na moja na nusu alitoka akazitoa kwenye kamba, akaziweka juu ya kiti changu bila kuzikunja, akaondoka. Kukunja kulikuwa kwangu.

Na masika yale jua lilikuwa halitoki. Asubuhi mlima Kwaraa ulikuwa umejifunika, mvua inakuja, inakatika saa sita, kamba inadondosha maji. Kijua kinachungulia saa nane. Saa kumi na moja na nusu nepi zinaingia. Kile kitambaa cha nje kilikuwa kimekauka daima, nacho sikukipiga pasi kwa sababu kingeyeyuka. Kile cha ndani, cha tabaka nne, nilikipiga pasi mpaka mkono ukauma. Nilikuwa nakishika, nakiona kikavu na cha moto, nakiingiza kwenye mfuko, namvalisha mtoto. Baada ya muda kikipoa na nikikishika kupitia mfukoni, kilikuwa cha baridi. Nikajiambia, ni baridi ya Babati. Mwezi wa nne hapa kila kitu ni cha baridi, shuka, sahani, mlango. Vidole havijui kutofautisha kitambaa cha baridi na kitambaa chenye maji.

Mama alijua. Siku moja aliichukua nepi niliyotoka kuipiga pasi, akaikunjua, akatoa kile kitambaa cha ndani, akakibana shavuni kwa muda mrefu kama anayesikiliza simu.

"Hiki kina maji katikati."

"Mama, nimekipiga pasi mwenyewe sasa hivi. Kishike, ni cha moto."

"Moto ni wa pasi."

"Kimekauka."

Alikirudisha mezani. Nilikirudisha kwenye mfuko. Nikamvalisha mtoto mbele yake, na vile vifungo vikalia ta, ta, ta, kimoja baada ya kingine.

Ulianza kama upele mdogo kwenye mikunjo ya mapaja. Nikaandika kwenye daftari: upele, siku ya kumi na nne. Nikabadilisha sabuni. Nikasuuza mara nne badala ya mbili, maana yake nikaongeza maji kwenye kitambaa kisichokauka. Nikapaka mafuta. Siku ya kumi na saba ngozi ilikuwa nyekundu na inang'aa. Mume wangu akanitumia ujumbe wa sauti kutoka machimboni, nyuma yake jenereta inanguruma: "Weka pampasi, basi, mbona unajitesa?" Niliweka, siku mbili, na kila nilipoifungua ngozi ilikuwa vilevile au mbaya zaidi, nami nikarudi kwenye zile zangu kwa sababu jedwali lilisema ni bora. Siku ya ishirini ngozi ilipasuka. Kwenye paja la kushoto palikuwa na kidonda chenye ukubwa wa ukucha, na kingine pembeni yake. Mtoto alikuwa analia kabla sijamgusa, nikimshika tu miguu kuinua.

Usiku huo alikataa ziwa mara moja. Mara moja tu, na baadaye akanyonya. Lakini nilikuwa nimeshawahi kuona mtoto anavyoanza kukataa ziwa. Nilimshika paji la uso, nikamshika tena, na tena, mpaka sikujua joto ni lake au ni la kiganja changu.

Asubuhi tulikwenda kliniki, mimi na mama. Muuguzi aliyetuhudumia alikuwa mtu mzima, miwani imening'inia kwa uzi. Alimlaza mtoto, akafungua vifungo, akanyamaza.

"Mama mtoto, hivi vidonda vina siku ngapi?"

"Vidonda ni vya jana. Upele una wiki."

"Na ulikuwa unangoja nini?"

Nilianza kueleza. Nilieleza sabuni, kusuuza, mafuta, tabaka nne, na ziwa alilokataa mara moja usiku. Alichukua ile nepi, akatoa kitambaa cha ndani, akakikamua kwa vidole viwili. Hakikutoa tone. Akakibana kwenye karatasi ya kadi, na karatasi ikaingia weusi wa unyevu.

"Hii ulimvalisha asubuhi hii? Ameshakojoa?"

"Nimemvalisha tunatoka. Bado."

"Basi maji haya si mkojo, ni ya kwenu." Hakusema kwa ukali. "Umemfunga mtoto kitambaa kibichi wiki tatu, na juu yake umeweka mpira usiopitisha hewa. Ngozi ya kichanga si ya kwako. Imelainika imefunguka. Wadudu sasa wana mlango."

Akapima joto. Halikuwa juu. Akaandika dawa ya kupaka. Akasema mtoto aachwe wazi kila inapowezekana, na tukiona homa au akikataa ziwa tena tumrudishe saa hiyo hiyo, tusingoje kesho, kwa sababu maambukizi yakiingia kwenye damu kwa mtoto wa uzito huu ni habari nyingine.

Hapo ndipo lile neno lilirudi. Safari hii mtendaji wake sikuhitaji kumtafuta. Alikuwa amekaa kwenye benchi na daftari kwenye pochi.

"Sasa nimvalishe nini?" nikauliza.

"Kitambaa chepesi. Cha pamba. Na kiwe kuukuu, kilichofuliwa mpaka kikalainika, maana kipya kitamkwaruza kwenye kidonda. Chemsha, anika, piga pasi. Khanga ya zamani hamna?"

Muuguzi alikuwa anamtazama mama yangu alipouliza. Mama yangu alikuwa anatazama ukutani, palipobandikwa picha ya mama akinyonyesha.

"Mwulize mwenye mtoto," mama akasema.

Tulirudi kwa miguu kwa sababu mvua ilikuwa imekatika, na kwa sababu hakuna aliyesema tupande kitu. Mama alimbeba mtoto. Nilikuwa nyuma yake hatua mbili, njia nzima, nikipanga namna ya kuanza. Kwenye karatasi ningeanza vizuri. Tulipoingia ndani, akamlaza mtoto wazi juu ya shuka, akasogeza jiko la mkaa karibu ili asipate baridi, akakaa chini. Nikafungua sanduku langu. Khanga zangu zilikuwa mbili, za harusi, bado ngumu, zimechanganywa na nailoni. Nikazirudisha.

"Mama."

"Naam."

"Ile khanga uliyojifunga."

Akaiangalia kiunoni kwake kama vile hakuwa anajua imevaliwa na nani. Ilikuwa ya siku nyingi, ya kahawia ambayo zamani ilikuwa nyekundu, maandishi yamebaki herufi moja moja.

"Unataka nini nayo?"

"Nataka kumchania mtoto."

Akaushika ukingo wake kwa vidole viwili.

"Mwaka ule nilikuja na mfuko mzima," akasema. "Ulipokuwa unaniangalia pale kwenye maziko nilijua unaangalia mikono yangu. Nikajiambia, ni uchungu, utaisha. Haukuisha. Unafikiri kwa nini safari hii nimekuja mikono mitupu?"

"Mama, sikusema kitu."

"Ungesema. Ningejibu. Wewe hukusema." Alimfunika mtoto miguu kwa ncha ya shuka, akaifunua tena. "Na ningejibu nini? Hata mimi najiuliza ile pasi. Siku ile ningekwenda kuomba makaa kwa jirani. Nilikuwa nimechoka, nikaona jua linatosha. Ukienda kulala unawaza hilo, mimi nalianza wakati nakamua ng'ombe, nalimaliza tena jioni. Sijui. Daktari alisema maambukizi, hakusema khanga. Lakini sijui."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa kitandani, macho wazi, nikaona pasi iko baridi, nami nikanyamaza kwa sababu na mimi niliona jua linatosha. Nikamwambia. Ilitoka vibaya, nusu nusu, huku nikilia, lakini ilitoka.

"Kumbe," akasema.

Kisha akasimama, akafungua khanga kiunoni, ndani alikuwa na gauni lake refu, akanipa.

"Wewe ndiye mwenye mikono leo. Mimi sichani."

"Mama—"

"Sichani. Likitokea jambo usije ukanitazama tena vile. Kama unaona inafaa, chana mwenyewe, chemsha mwenyewe, piga pasi mwenyewe. Mimi nitamshika mtoto."

Nilisimama na ile khanga mikononi. Ningependa kusema kwamba nilijua la kufanya. Nilichojua ni kwamba zile nepi za twiga zimemfungulia mtoto wangu ngozi, na kwamba niliziamini kwa sababu hazikuwa za mama. Kuhusu mtoto wa kwanza sijui hadi leo, na sasa nadhani nitakufa sijui. Swali lile ningeweza kukaa nalo mwaka mwingine mzima, na nikiwa nimekaa nalo, huyu wa pili angekuwa amelala pale kwenye shuka, miguu wazi, na vidonda viwili pajani.

Nikaing'ata khanga ukingoni ili ianze, nikaichana. Pamba kuukuu haitoi sauti kubwa, inaachia tu. Nikapata vipande vinane, na cha tisa kikawa nusu. Nikaviweka kwenye sufuria, nikachemsha mpaka povu la rangi likapanda juu, nikamwaga, nikachemsha tena. Uani jirani aliniuliza, "Leo nyama, dada?" Nikamjibu ni nepi. Nikavianika chini ya paa la jikoni, na kwa sababu vilikuwa tabaka moja, kufikia saa tisa vilikuwa vimeshaanza kuwa vyepesi upepo ukipita. Nikajaza pasi mkaa unaowaka, nikapiga upande wa kwanza, nikageuza, nikapiga wa pili, nikarudia. Kila kimoja nilikiinua dirishani. Mwanga ulipita mpaka nikaona nyuzi. Hakukuwa na katikati ya kuficha maji.

Mama alikuwa ameshamwosha mtoto kwa maji ya uvuguvugu na kumkausha. Nikapaka dawa ya kliniki kwenye vidonda kwa kidole kimoja. Alilia, mama akamshika kichwa. Nikakunja kipande pembe tatu, nikakingoja kipoe, nikainua miguu.

"Usimkaze," mama akasema.

"Simkazi."

Nikaleta pembe mbili mbele, nikafunga fundo moja ubavuni, chini kidogo ya kitovu, nikaingiza vidole viwili kuona kama pana nafasi. Palikuwepo. Nikachukua zile nepi za vifungo zote, safi na chafu, nikazitia kwenye mfuko na kuupeleka nje, kisha nikarudi kukaa karibu na mtoto kungoja akojoe, ili nimbadilishe.